Kikombe Chenye Rangi ya Kondoo

Maneno yenyewe niliyapata shambani tukichuma maua ya pareto, mwezi wa kwanza mwaka wa hamsini na nane. Aliyeyaleta ni Wamuyu, jirani yangu katika nyumba za wafanyakazi, na kwa Wamuyu neno halilali siku mbili. Alisema kuna kijana wa Kabazi, Naftaly mwana wa Hiram, aliyeandika barua ng'ambo akiomba kusomea siasa. Barua ikajibiwa, kijana akafurahi, akanunua sanduku. Halafu alfajiri moja Landrova ya serikali ikasimama mlangoni kwao, ikamchukua yeye na sanduku lake. Tangu siku hiyo, mwaka mzima unakaribia, hakuna aliyemtia machoni.

Nikamwuliza ameyasikia kwa nani.

"Lisemwalo lipo, Mama Micah," akasema. "Kama halipo, laja."

Wenzangu wakaendelea kuchuma. Mimi pia nilichuma, lakini jioni karani wa mizani alilimwaga karai langu chini akaniuliza kama siku hizi wazungu wananunua majani. Nilikuwa nimechanganya maua na vikonyo kama mtoto wa siku ya kwanza.

Ni lazima niseme kwa nini maneno yale yaliniingia hivyo, ingawa kusema sababu si kujitetea. Jina langu ni Wariara. Nilisoma mpaka darasa la nne kwa wamisheni, kwa hiyo barua ya Kiswahili naisoma na kuiandika mwenyewe. Tulikaa Njoro, kwenye shamba la ngano na pareto la mzungu mmoja. Mume wangu Ngigi alichukuliwa mwaka wa hamsini na tatu, naye hakuwa mtu wa mikutano hata kidogo. Kuna mtu tu alitaja jina lake. Landrova ilikuja kabla ya jua. Alirudi baada ya miaka mitatu akiwa na kifua. Akakohoa damu miezi minane, kisha nikamzika. Kwenye mlango wa stoo ya shamba kulikuwa na tangazo limepigiliwa misumari, kwamba mikutano ya siasa ni marufuku, na kila asubuhi nikienda kuchukua karai nililisoma. Kwangu neno siasa lilikuwa na harufu ya blanketi lile la kijivu alilorudi nalo Ngigi.

Mtoto niliyebaki naye ni mmoja, Micah. Huyu alipanda shule hadi shule mpaka akafika Makerere, akarudi na digrii, akapata kazi ya ualimu Elburgon, shule ya karibu na viwanda vya mbao. Jumamosi akipata pasi ya kusafiri alikuja kuniona. Basi Jumamosi ile ile, siku mbili baada ya maneno ya Wamuyu, akaja na fomu.

Ilikuwa na kurasa nne. Aliifuta meza kwanza kwa mkono wa shati, akaitandaza. Akaniambia kuna chuo kikubwa kule India kinachowalipia vijana wachache wa Afrika kusoma digrii ya pili, ile wanayoiita masta. Nikamwuliza atasoma nini.

"Elimu ya siasa, mama."

Nikaitua sufuria chini. "Hakuna kingine kinachosomwa huko? Hata mambo ya ng'ombe?"

Akacheka polepole, kama alivyocheka baba yake. Akasema ni kusoma jinsi watu wanavyotawaliwa, na kwamba sisi tumetawaliwa vya kutosha, angalau maswali tunayo. Nikamweleza habari ya Naftaly. Akasema hayo ni maneno ya pareto. Nikalia, akaniacha nilie mpaka nikamaliza, kisha akachovya kalamu.

Kilichotakiwa pamoja na fomu ni barua mbili. Moja ya mwalimu wake wa Makerere. Ya pili ni ya kiongozi wa dini wa nyumbani, aandike habari za tabia yake, jamaa zake na afya yake, aifunge na kuituma mwenyewe, na mwombaji asiione. Micah alikuwa amekwisha kumwomba Pasta Nicodemus, aliyembatiza. Pasta alikuwa amekubali.

Hapo ndipo nilipoona mlango.

Alhamisi iliyofuata, baada ya kupimiwa maua, nilienda kwa Pasta. Ni mwendo wa nusu saa. Nilimkuta nje akipigilia mguu wa benchi la kanisa. Nikamwomba asiiandike ile barua. Akasema ameahidi, na kwamba katika kanisa letu hakuna mtoto aliyewahi kuvuka Kampala. Akikataa yeye, atamjibu nini Mungu? Nikamwambia habari ya Landrova. Akasema tusimame katika imani. Akachukua msumari mwingine.

Nikasema, "Pasta, anakohoa damu."

Sikuwa nimelipanga neno hilo. Naapa hivyo, na najua kiapo changu leo hakina uzito. Lilitoka kama mtu anavyotupa jiwe mbwa anapomjia.

Nyundo ikasimama. "Kama baba yake?"

"Kama baba yake."

Hakuniuliza la pili. Kwa watu wetu mama hamtabirii mtoto wake ugonjwa hata kwa mzaha. Anayesema hivyo ameona. Pasta akakaa juu ya benchi lile la miguu mitatu. Kisha akasema hawezi kusema uongo kwa wenye chuo. Ataandika mema yote ya Micah, na ataandika pia habari ya kifua, ili kama watamchukua wamtafutie daktari. Moyoni nikasema, imekwisha, hawatamchukua. Nikahisi mwili wangu umekuwa mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Ndipo Pasta akasema, "Jumapili tutamwombea. Nimtaje jina?"

Mama gani anayekataa mtoto wake aombewe? Ningekataa, angeinua macho anitazame. Nikasema, "Mtaje."

Jumapili Pasta alimtaja. Kanisa zima lilipiga magoti, na wanawake ambao bado waliliona jeneza la Ngigi machoni mwao wakamlilia Micah kwa sauti. Wamuyu alinishika mkono mpaka ukafa ganzi. Baada ya ibada, kwenye chai, mama mmoja aliniuliza taratibu kama Micah akija nyumbani ana kikombe chake peke yake. Nikajibu kwamba anacho.

Hakuwa nacho. Uongo ni kama mtoto mchanga, ukishamzaa lazima umlishe. Kesho yake nikaomba kidogo ile rangi nyekundu ya kutia alama kondoo kwenye stoo ya shamba, nikachukua kikombe cha bati alichopenda Micah, cheupe chenye ukingo wa buluu, nikakipaka doa chini na jingine kwenye kishikio. Nikakiweka rafu ya peke yake. Wamuyu alipokuja akakiona, akatikisa kichwa kwa huruma, nami nikatikisa changu.

Malori ya mbao hutoka Elburgon kila siku na hurudi kila siku, na hayabebi mbao peke yake. Mwezi wa tatu wazazi wawili walikwenda kumwona mwalimu mkuu, Bwana Kosgei, wakataka watoto wao wahamishwe darasa la Micah. Kosgei ni mtu wa haki. Alimwita Micah akamwambia haamini porojo, lakini hawezi kucheza na watoto wa watu; aende nyumbani mpaka apigwe eksirei Nakuru. Hospitali ikampa siku, lakini ilikuwa mbali, wiki ya kwanza ya mwezi wa tano.

Kwa hiyo akaja nyumbani na begi lake, mara ya kwanza tangu siku ile ya fomu. Alikaa, nikamwekea kikombe, nikachukua birika. Akakigeuza kile kikombe.

"Mama, rangi hii ni ya nini?"

Nikamwambia watu wanaogopa, nimeipaka ili waone tunajihadhari.

"Na wewe unaogopa?"

Nikaanza kumimina. Chai ikajaa ikamwagika kwenye kitambaa.

Akanywa. Akasema, "Wamenizika pamoja na baba. Wamesahau kufukia tu."

Alidhani ni watu. Alidhani ni kwa sababu ya kifo cha baba yake ndipo vinywa vikaunganisha mambo, na hakuwa na habari kwamba barua ya Pasta ilikuwa imekwisha kupanda ndege na maneno yangu ndani yake. Alikaa akisoma vitabu vyake karibu na dirisha, na kila siku ya posta alikwenda kwenye ofisi ya shamba, mahali karani anapofungua mfuko wa barua barazani kwa mzungu, akarudi mikono mitupu. Aliniambia majina yangechaguliwa mwisho wa mwezi wa nne.

Sasa sikieni jambo ambalo ni baya kuliko lile la kwanza.

Mwanzoni mwa mwezi wa nne kulikuwa na mkutano wa akina mama wa makanisa mjini Nakuru. Tulikaa kwenye nyasi tukila viazi, na mwanamke mmoja akatoa picha kwenye Biblia yake, akaipitisha. Kijana amesimama mbele ya jengo la mawe, amevaa koti refu, anakunja macho kwa jua. Mama aliye karibu nami akauliza ni nani.

"Ni mwanangu Naftaly. Yuko ng'ambo, anasoma."

Nikamwuliza wanatoka wapi. Akasema Kabazi, yeye ni mke wa Hiram. Nikakiweka kiazi changu chini. Nikamwuliza kama si yule aliyechukuliwa na Landrova ya serikali.

Akacheka mpaka akashika ubavu. "Ndiyo hiyo hiyo. Mvua ilikuwa imekata barabara, lori la maziwa limekwama siku tatu, na treni haingoji mtu. Bwana wa elimu wa serikali alikuwa amelala kwa jirani, akasema atampeleka mpaka stesheni. Ati alikamatwa? Hata kuku wetu hawakupiga kelele."

Wote wakacheka. Na mimi nikacheka.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu kabla ya majina kuchaguliwa. Barua ya ndege huenda India kwa siku chache. Kilichotakiwa ni mimi kutembea nusu saa mpaka kwa Pasta na kusema maneno manne: nilisema uongo, andika tena. Siku ya kwanza ilinyesha. Siku ya pili nikajiambia ana wageni, na kweli niliona baiskeli mbili kwenye ua. Siku ya tatu nikafika mpaka kwenye ua wake. Akaniona, akaja amenyoosha mikono miwili.

"Mama Micah. Kifua cha kijana kinaendeleaje?"

Nikamtazama. Mtu yule alikuwa akifunga kula kila Ijumaa kwa ajili ya ugonjwa usiokuwapo, na kukonda kwake kulionekana usoni.

"Kinaendelea hivyo hivyo, Pasta," nikasema, nikarudi nyumbani.

Si hofu ya Landrova iliyonirudisha siku hiyo. Landrova ilikuwa imekwisha. Niliona haya. Niliona afadhali mtoto wangu apoteze India kuliko mimi nipoteze uso wangu mbele ya Pasta na Wamuyu. Nimeliandika jambo hili jinsi lilivyo na sitalifuta.

Wiki ya kwanza ya mwezi wa tano Micah akapigwa eksirei. Kifua safi. Daktari akampa karatasi na kumwuliza ni nani aliyemwambia anaumwa. Jumapili Pasta akaisoma karatasi ile mbele ya kanisa, akasema tumeona mwujiza kwa macho yetu, na watu wakaimba mpaka mabati yakatetemeka. Niliimba nao. Wamuyu alicheza mpaka kitambaa cha kichwa kikamwanguka.

Jumanne barua ikaja. Micah alinisomea kwa Kiswahili, sentensi moja moja. Walisema alama zake ni nzuri sana, na mwalimu wake wa Makerere amemsifu. Lakini kwa kuwa mchungaji wake amewaeleza hali ya kifua chake, nafasi wamempa mwingine mwaka huu, nao wanamtakia kupona.

Aliisoma sentensi hiyo mara mbili. Kisha akavaa viatu.

Nilimfuata nyuma, yeye akienda haraka, mimi nikikimbia kidogo kidogo kwenye matope. Kwa Pasta hakuketi. Akaiweka barua mezani akauliza kwa heshima, Pasta, ni nani aliyekuambia mimi naumwa?

Pasta alinitazama. Nilimwona akiyakusanya mambo moja moja, kama mtu anayeokota shanga zilizokatika uzi. Angeweza kunitaja. Akasema, "Niliambiwa na mtu ambaye sikuwa na sababu ya kumtilia shaka."

Nikasema, "Ni mimi."

Micah hakupaza sauti. Ningeshukuru kama angepaza. Aligeuka akanitazama, akasema, "Kwa nini kifua, mama? Ungechagua hata mguu."

Akaichukua barua yake mezani.

"Kikohozi kile kilikuwa cha baba," akasema. "Hakikuwa chako kumpa mtu."

Akatoka. Pasta hakunihubiria. Aliniuliza tu kama nitasimama Jumapili nikanushe mwenyewe, au nataka anisemee yeye, nikasema nitasimama. Nikasimama. Kusema kwenyewe hakukuchukua hata dakika mbili. Watu hawakupiga kelele. Mzee mmoja alikohoa, kikohozi cha kweli, na vijana wa nyuma wakaangua kicheko. Nje mlangoni Wamuyu akaniambia, "Basi turudishiwe maombi yetu, Mama Micah, tuna wagonjwa wengine." Alikuwa na haki, ingawa habari ya Kabazi ilitoka kinywani mwake. Yeye alileta neno tu. Niliyelijengea nyumba ni mimi.

Sasa ni mwaka wa hamsini na tisa. Micah alirudi kufundisha Elburgon. Mwaka huu ameomba tena, chuo kile kile, elimu ile ile ya siasa, na Pasta ameandika upya, ameeleza kosa bila kutaja ni la nani. Jibu bado. Safari hii Micah hakupitisha barua yake kwenye mfuko wa shamba wala hakuniachia; aliomba pasi ya siku nzima akaenda nayo mwenyewe mpaka posta ya Nakuru. Akija kuniona ananiamkia vizuri, ananiletea sukari, anauliza habari ya mgongo wangu. Chakula changu anakula. Lakini habari zake ananiambia baada ya kutendeka, kama mtu anavyomwambia mgeni. Kwamba ameomba tena niliambiwa na Pasta.

Ile rangi ya kondoo haitoki. Nimesugua kwa majivu, kwa mchanga, kwa mafuta ya taa. Imefifia ikawa kama kovu. Micah akija nampa kikombe kingine. Hicho nanywea mimi, na mgeni akiniuliza alama ni ya nini, namwambia.

Pasta aliniomba niyaandike haya yasomwe katika mkutano wa akina mama, hasa wale ambao watoto wao wameanza kuandika barua ng'ambo, maana sasa wako wengi, hata wasichana. Nimeyaandika. Haya ndiyo ya kuepuka:

Usilishike neno la shambani kabla hujamwona mwenye mtoto aliyetajwa. Kabazi si mbali.

Usiende kwa Pasta, kwa mwalimu wala kwa karani kusema habari za mtoto wako mkubwa bila yeye kujua.

Usimtabirie mtoto ugonjwa, hata kama unaona ni njia ya kumweka nyumbani.

Usimtumie marehemu kuupa uongo wako nguvu.

Usikubali kanisa liombee jambo ambalo halipo.

Usiweke alama kwenye chombo cha mtu mwenye afya.

Ukigundua umekosea na siku bado zipo, usingoje mvua ikatike, wala usihesabu baiskeli za wageni.

Usiimbe siku hiyo ya mwujiza.

Barua ya mtoto wako usiishike. Akikuomba umpelekee posta, ipeleke siku hiyo hiyo, urudi.